Karani na Mtoto Aliyeandikwa Nyumbani Kwetu

Kwanza mnisamehe mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la nane, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza insha. Nyumbani tunaongea Kirundi, kwa hivyo r na l hunikimbia. Mkikuta moja imekaa mahali pa nyingine, irudisheni kwake na msinicheke sana. Ukurasa mmoja hunichukua mchana mzima. Lakini habari hii nimekaa nayo mpaka inanigonga kifuani, na leo mkono wangu unaenda polepole huku roho inakimbia. Nataka kuwaambia juu ya Karani.

Jina lake silitaji. Mwenyewe hakuwa mtu wa majina. Alikuwa mwanamke jirani yetu huku Kianda, Kibera, mlango wa nne kutoka kwetu, na kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiandika watu: nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia, nani amehama. Aliajiriwa na ofisi moja ya utafiti iliyokuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa cha nyumba, na hicho ndicho alichokijaza yeye. Cha pili kilikuwa cha kliniki. Kila mlango ulipakwa namba ya rangi ya buluu, na ukienda kliniki nesi alikuuliza hiyo namba. Kisha kule ofisini waliunganisha vitabu hivyo viwili kwa namba, bila jina la mtu, wakaona nyumba gani inaugua nini. Walitaka hasa kujua habari zetu sisi tuliotoka nje, Warundi, Wakongo, Wasudani. Je, tunaugua kama wenyeji, au zaidi, au kidogo?

Watoto wa ploti, yaani vyumba vyetu vya kupanga, walimkimbilia wakipiga kelele, "Sensa! Sensa!" Yeye aligeuka na kuwanyooshea penseli.

"Sensa itarudi mkiwa na ndevu! Mimi nakuja kila miezi minne. Sasa nani rafiki yenu?"

"Wewe!"

"Basi mniite vizuri."

Hiyo penseli aliifunga uzi na kuivaa shingoni. Ofisi ilimpa tableti, na aliitumia, lakini kwanza aliandika kila kitu kwa penseli kwenye daftari. Nilimuuliza siku moja kwa nini anafanya kazi mara mbili.

"Tableti haikubali 'sijui vizuri'," akasema. "Inataka ndiyo ama hapana. Penseli inakubali."

Alikuwa na namna yake ya kubisha. Aligonga mara tatu kwa kitako cha penseli, akarudi nyuma hatua mbili, akageuka akaangalia upande mwingine wa korido. Hata kama mlango ulikuwa wazi alifanya hivyo. Mama yangu alidhani ni madharau, mpaka Karani alipomweleza: "Mama Karanga, mtu ana haki ya kuficha sufuria chafu kabla sijaingia." Tangu siku hiyo mama alimpenda. Mama huitwa hivyo kwa sababu anakaanga njugu karanga na kuziuza karibu na geti la shule ya Olympic.

Umbea hakuwa nao kabisa, na kwa jirani jambo hilo linaudhi. Alijua siri za Kianda yote na hakutupa hata moja ya kuonja. Wanawake pale kwa bomba walimjaribu.

"Karani, yule jamaa wa mlango wa kona, ana bibi wawili ama watatu?"

"Ana namba moja."

"Wacha hizo! Si umeandika?"

"Nimeandika. Na wewe pia nimekuandika. Nianze kusoma ya nani?"

Walicheka, wakainua ndoo zao wakaenda.

Mambo yake mengine hayakuwa yakikubaliana. Alikumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto katika ploti, lakini ya binti yake mwenyewe aliisahau, na binti akampigia simu kutoka Kawangware akilia. Alisema majina hayamsaidii kazi, ila ukikosea lake hata herufi moja alikukosoa mbele za watu. Wanaume wazima aliwafokea wakimficha watoto wao, lakini ilipobidi aandike kwamba mtoto amekufa, alichonga penseli muda mrefu, akachonga tena, mpaka penseli ikabaki fupi. Na aliuliza kila mtu kuhusu presha, asipime yake hata siku moja. Nesi alimwita mara nyingi. Yeye alijibu, "Mimi ni wa kuandika, si wa kuandikwa."

Mimi alinipa jina la Kimya. Ninaogopa kuongea mbele za watu. Maneno hunifika kooni yakakaa. Kila aliponikuta aliniuliza, "Kimya, leo umesema maneno mangapi?" nami nikamwonyesha vidole. Lakini mama Kiswahili kilimsumbua, kwa hivyo maswali ya Karani nilimjibia mimi, na hapo niligundua kitu. Nilipoongea, Karani hakuniangalia usoni. Aliangalia daftari. Hata nilipokwama, aliendelea kuangalia daftari kana kwamba ana muda wa dunia nzima. Hakuna mwalimu aliyenifanyia hivyo. Nusu ya Kiswahili ninachothubutu kukisema mbele ya watu nilikisema kwanza mbele ya ile penseli.

Sasa niwaambie kuhusu Alhamisi, maana kila kitu kilitoka hapo.

Mama ana presha. Zamani akienda kliniki alikubali kila alichoambiwa kwa kutikisa kichwa. Nesi alimwambia ameze dawa moja mara tatu kwa siku, mama akasikia tatu, akazimeza zote pamoja, akaanguka kando ya jiko lake la karanga. Ni Karani aliyeisumbua ofisi na kliniki mpaka wakaweka mkalimani kila Alhamisi, mwanamke aliyejua Kirundi na Lingala. Tangu hapo mama hakuanguka tena. Watu wetu walijaa kwenye benchi siku hiyo. Kwetu nyumbani wiki ilianzia Alhamisi.

Halafu siku moja Karani alirudi kazini, akatupa mkoba wake chini kwenye korido, akakaa juu ya ndoo yetu bila kuomba.

"Ati nyinyi ni wazima!" akasema.

Mama akaniangalia. Nikamtafsiria.

"Ni mubaya?" mama akauliza.

"Ni mbaya, Mama Karanga! Mkubwa wa ofisi ameunganisha vitabu. Anasema watu waliotoka nje wanaugua kidogo kuliko wenyeji. Anasema mkalimani wa nini kwa watu wazima? Mwisho wa mwezi Alhamisi inaisha."

Mama hakuhitaji nimtafsirie neno Alhamisi. Alishika ukingo wa mlango.

Karani alifungua daftari akaanza kupitisha penseli juu ya kurasa. "Mimi nawajua. Nimesikia vikohozi vyenu nikiwa hapa nje nimegeuka. Wanaenda wapi wagonjwa wangu?" Penseli ikashuka. "Amehama. Amehama. Amehama. Huyu mjamzito, amehama. Huyu wa kifua, amehama." Akafunga daftari. "Kwa kitabu cha Mkubwa, aliyehama amepotea. Anabaki yule anayebeba mizigo soko la Toi na hajawahi kumeza hata panadol. Basi wanaonekana wazima wote! Lakini kuhama si kupona, Kimya. Amehama, hajapona."

Aliyarudia hayo maneno wiki nzima. Alikuwa nayo bombani, dukani, hata msalani tulimsikia: amehama, hajapona. Lakini Mkubwa alitaka aonyeshwe, na Karani hakuwa na cha kuonyesha. Ofisi ilikuwa na kitabu kingine Kawangware, chenye namba za rangi nyekundu, na hakuna aliyejua ni nani kati ya waliotoka huku aliyeingia kule. Watu wetu hubadilisha majina. Kianda unaitwa jina la ubatizo, kliniki unatoa la baba, na kwenye kitambulisho cha mgeni karani mwingine aliandika alivyosikia.

Kisha, zikiwa zimebaki wiki mbili, mlango wetu ukagongwa mara tatu. Mama akafungua. Karani alikuwa amesahau kurudi nyuma hatua mbili.

"Mama Karanga, hapa kuna mtoto mchanga?"

"Mutoto gani?"

"Wa miezi mitatu. Ana kikohozi. Kitabu cha kliniki kinasema ni wa mlango huu."

Mama alinigeukia kwa macho ambayo sitayasahau, nami nikapiga kelele, "Si wangu!" Hayo yalikuwa maneno yangu mawili ya kwanza siku hiyo, na majirani wote waliyasikia.

Karani alicheka mpaka akashika ukuta wa mabati. Lakini mama hakucheka. Sisi wageni tukiandikwa kitu ambacho si chetu tunaogopa. Kesho mtu atakuja kukiuliza. Akasema kwa Kirundi, na mimi nikatafsiri neno kwa neno: "Anasema kama kitabu kimempa mtoto, anataka kumwona. Kama anakohoa, nani anamfunika?"

Karani akaacha kucheka. "Alipelekwa kliniki ya Kawangware," akasema. "Twende."

Tulitembea, tukatokea Olympic, tukavuka Ngong Road, mama mbele kama mtu anayeenda kuchukua chake. Pale kliniki nesi alikataa kutaja jina, na Karani akamsifu kwa kukataa. Akamwomba tu, mwenye mtoto akija, amuulize kama angependa kuongea nasi. Tukangoja. Mchana akatoka kwa nesi msichana mmoja mwembamba, mtoto mgongoni, akatusalimia kwa Kirundi. Mama alikuwa ameshamvua mtoto kofia kumtazama kabla hata hajajibu salamu.

"Huyu ndiye mutoto wangu wa kitabu," akasema. Yule msichana alipoelewa alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake hakikuwa kidogo. Aliitwa Goreti. Akatuambia twende kwake.

Ilikuwa ploti ya vyumba sita. Tulipokaribia chumba cha mwisho, miguu yangu ilisimama yenyewe. Mlango ulikuwa wa mbao, chini una alama nyeusi ya kuungua, mahali jiko la karanga lililala miaka mingi. Pembeni kulikuwa na mistari ya makaa, mmoja juu ya mwingine, kutoka kiunoni mpaka begani. Hiyo ni mimi. Mama alinipima pale kila Krismasi mpaka nilipokataa kukua.

"Huu ni mlango wetu!" nikapiga kelele mara ya pili kwa siku moja. "Mama! Ni mlango wetu!"

Karani alipiga magoti akapitisha kidole kwenye namba. "Hii buluu ni yangu," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akajipiga paji la uso. "Aki ya Mungu. Ni mimi."

Mambo yalikuwa hivi. Mwenye ploti yetu ya Kianda ana ploti nyingine Kawangware. Alipotuwekea milango ya chuma, ile ya mbao hakuitupa, aliihamishia kule. Karani alipaka namba zilezile kwenye milango mipya, na ile ya zamani, iliyokuwa imepangwa ukutani ikingoja kubebwa, akasahau kuikwangua. Kwa hivyo namba yetu ilikuwa kwenye milango miwili. Goreti alipoulizwa namba na nesi, alitaja hiyo, ndiyo pekee iliyokuwa mlangoni mwake.

Na Goreti mwenyewe aliwahi kuishi Kianda, ploti iyo hiyo yetu, upande wa nyuma, muda mfupi hata hatukumjua. Karani alimtazama vizuri. "Nilikuandika amehama."

"Nilihama nikiwa na mimba na kifua," Goreti akasema. "Kianda nilikuwa peke yangu. Huku kuna watu wa kwetu. Ukiugua unahitaji wa kukuletea maji. Mwenye ploti ananijua, akanipa chumba. Wote hapa ni hivyo." Akanyoosha mkono kuonyesha milango mingine. "Yule alikuja na mguu mgonjwa. Yule na presha. Ukiwa mzima utakuja huku kufanya nini? Kazi iko Toi."

Karani alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na sketi yake ya kazi. Alipiga makofi kama mtoto. "Amehama, hajapona! Kimya, umesikia? Mwambie mama yako! Si ndio hawa! Si ndio hawa wagonjwa wangu!" Majirani walitoka kuona nani amefurahi hivyo kwa sababu ya wagonjwa.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa moto. Aligonga milango yote ya Warundi na Wakongo wa Kawangware, akirudi nyuma hatua mbili kila mara. Alimwomba kila mmoja ruhusa. Aliyekataa alimwacha na kumshukuru. Majina hakuyauliza. Aliuliza: ulihama Kianda msimu gani, kifungua mimba wako ni wa kike au wa kiume, mlifika Nairobi wangapi, uliacha nani kwenye chumba. Jibu moja halitoshi, alisema, lakini manne yakikubaliana huyo ni mtu mmoja. Jioni alikaa kwenye korido yetu na karatasi mbili, ya waliotoka na ya walioingia, akivuta mstari kutoka moja kwenda nyingine, na kila mstari uliposhika aligonga ndoo yetu kwa penseli. Mama alianza kuhesabu mlio huo huku akikaanga.

Siku Mkubwa alipokuja kliniki, tulijaa kwenye benchi makusudi. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, aliyechoka. Karani alimpa karatasi. Alisoma kwa muda.

"Kwa hivyo namba moja ilikuwa kwenye milango miwili," akasema. "Nani alikosea?"

"Mimi, bosi. Liandike hilo kosa, na jina langu."

"Unajua naweza kukuondoa kwa hilo?"

"Najua. Niondoe mimi. Alhamisi uiache."

Mkubwa akaangalia mistari ya penseli inayotoka Kianda kwenda Kawangware. Akavua miwani.

"Tulikuwa tunahesabu waliobaki," akasema, zaidi kwa nafsi yake.

"Ndiyo, bosi. Waliobaki wako Toi wanabeba mizigo."

Hakumwondoa. Alhamisi ilibaki, na ofisi ikaanza kufuata waliohama, namba za buluu na nyekundu katika kitabu kimoja. Mama alinunua soda, akakaanga karanga za bure, akampelekea Goreti blanketi la mtoto. Mpaka leo anamwita "mutoto wangu wa kitabu", na yule mtoto, ambaye sasa anatembea, anaitikia.

Mkalimani wetu alipoolewa na kwenda mbali, Karani aliniambia, "Kimya, benchi linakungoja." Nilikataa kwa kichwa. Akasema, "Angalia daftari, usiangalie watu. Mimi nakufanyia hivyo miaka yote." Nilikubali. Alhamisi sasa ni kazi yangu.

Karani aliacha kazi magoti yalipomshinda, akahamia kwa binti yake Kawangware. Nikaona alama yake kwenye tableti ya karani mpya, kijana mwenye haraka: amehama. Miezi ikapita.

Alhamisi ya majuzi niliinua kichwa kuita mgonjwa, na kwenye benchi, katikati ya kina mama wa Kirundi, alikuwa amekaa yeye. Amepungua. Penseli bado shingoni.

"Kimya, leo umesema maneno mangapi?"

"Mengi sana," nikasema. "Hata siwezi kuhesabu."

"Vizuri. Basi leo mimi ni wa kuandikwa."

Nesi akampima. Akampima tena mkono wa pili. Presha ilikuwa juu, na kwa uso wa nesi nilijua imekuwa juu miaka mingi, pale pale mlango wa nne, huku akituuliza sisi. Karani aliniona nikisoma ile namba kwenye mashine. Hakuna lugha ya kumtafsiria.

Nikamuuliza namba ya mlango. Akasema mlango wa binti yake ni mpya, bado haujapakwa. Kwa kitabu, hakuwa Kibera wala Kawangware.

Akavua ule uzi shingoni akanikabidhi penseli. "Andika: amehama, hajapona. Ziandike zote mbili, Kimya. Usiniache kwenye moja."

Mnajua ninavyoandika polepole. Karani akainuka, akarudi nyuma hatua mbili, akageuka akaangalia ukuta mpaka nikamaliza.

Penseli hiyo ndiyo niliyoandikia kurasa hizi, na imebaki fupi. Sasa ninawaomba. Wewe uliyewahi kukaa Kianda ukaondoka ukiwa mgonjwa, au ukiwa na mimba, au peke yako: tazama mlango wako. Kama una namba ya buluu iliyofifia, au nyekundu, au hauna kitu, niandikie. Lugha yoyote, mwandiko wowote, hata kama wako ni mbaya kuliko wangu. Barua mpe mama anayekaanga karanga karibu na geti la Olympic, yeye atanifikishia. Jina si lazima. Niambie tu ulihama lini, na kama umepona.